Muwa Upi, Upandwe Lini, Ukatwe Lini?

Katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, mashamba ya miwa ya wakulima wadogo yamepakana na mashamba makubwa ya kiwanda, na miwa yote huishia katika mitambo ile ile. Msimu wa kusaga huanza mvua za masika zikisha kukatika, yapata mwezi wa Juni, ukaendelea hadi mvua zinapoyazuia magari kuingia mashambani. Wakulima wawili waweza kuwa na mashamba yenye ukubwa mmoja, udongo mmoja na mbegu ya aina moja, mmoja akakatiwa miwa yake Septemba na mwenzake Desemba, nayo mapato yao yasilingane hata kidogo. Pale ambapo malipo hufuata kiwango cha sukari kilichomo katika muwa, na si uzito peke yake, yule wa pili ni rahisi kudhani kwamba amepunjwa mizanini au maabarani. Mara nyingi, hata hivyo, tofauti hiyo imetoka shambani, ndani ya muwa wenyewe.

Kwa hiyo mkulima anapouliza, "Aina ipi ya miwa ni bora?", mtaalamu mwangalifu hatajibu kabla ya kuuliza naye maswali mawili: itapandwa mwezi gani, na itakatwa ikiwa na umri gani? Aina iliyoongoza katika mavuno ya Julai huweza kuwa ya mwisho katika mavuno ya Desemba. Kulinganisha aina za miwa bila kutaja nyakati hizo mbili ni sawa na kulinganisha wakimbiaji bila kusema mbio zenyewe ni za urefu gani.

SUKARI HUWEKWAJE KATIKA MUWA

Majani ya muwa hutengeneza sukari kwa nguvu za mwanga wa jua, kwa kutumia maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Sukari hiyo, iitwayo sukrosi, husafirishwa kuteremka hadi kwenye shina. Huko inakabiliwa na njia mbili. Ama itumike kurefusha shina, kutoa majani mapya na kukuza mizizi, ama iwekwe akiba ndani ya pingili. Pingili changa zilizo karibu na kilele zina vimeng'enya vingi vinavyoivunja sukrosi ikawa glukosi na fruktosi, ambazo ndizo chakula cha ukuaji. Pingili za chini, zilizokwisha kukomaa, huwa na vimeng'enya hivyo kidogo tu, na ndiyo maana mtu atafunaye muwa huanza kwenye shina na kuitupa ncha.

Ni dhahiri basi kwamba muwa unaokua kwa kasi hauweki akiba kubwa. Joto jingi, maji mengi na mbolea ya naitrojeni huusukuma urefuke. Baridi na ukame wa kiasi huupunguza mwendo wake wa kurefuka kuliko unavyopunguza kazi ya majani, na sukari inayobaki bila kutumika hujazana katika pingili. Hali hiyo ndiyo iitwayo kukomaa, au kuiva. Katika Kilombero miezi ya Juni, Julai na Agosti ni mikavu na usiku wake ni wa ubaridi, kwa hiyo kiwango cha sukari katika miwa huwa kinapanda. Hufikia kilele chake karibu na Septemba na Oktoba. Mvua za vuli zinapokuja pamoja na joto la mwisho wa mwaka, muwa huamka tena, ukachipua majani mapya na kuitumia akiba ile ile ambayo mkulima alikuwa akiisubiri.

Aina za miwa hazifuati mwendo huu kwa namna moja. Ziko zinazojaza sukari mapema, zikiwa na umri wa miezi 10 hadi 12, kisha zikasimama pale au hata kurudi nyuma. Nyingine hutumia mwaka mzima wa kwanza kujenga shina na kuanza kujaza baadaye, lakini zikisha kuanza hupanda juu sana na hukaa kileleni kwa muda mrefu. Ni kosa kuiona ya kwanza kuwa bora kwa sababu ya haraka yake au ya pili kwa sababu ya wingi wake. Kila moja ina miezi yake.

Umri wenyewe hauna kipimo kimoja duniani. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, miwa hukua kwa miezi minane au tisa tu, kwa kuwa theluji na barafu haviisubiri. Katika visiwa vya Hawaii, kabla ya kiwanda cha mwisho cha huko kufungwa mwaka 2016, ilizoeleka kuiacha miwa shambani kwa takriban miaka miwili. Aina iliyochaguliwa kwa ajili ya mahali pamoja haiwezi kutazamiwa kufaa pengine.

HERUFI NA TARAKIMU

Mkulima husikia majina kama NCo 376, Co 617, EA 70-97, B 52-313, N 41 au R 579, na kwake hayo huwa ni herufi na tarakimu tupu. Kila jina lakini lina historia. Herufi Co ni za Coimbatore, mji wa kusini mwa India, ambako kituo cha kuzalisha aina za miwa kilianzishwa mwaka 1912. B ni ya Barbados, R ni ya kisiwa cha Réunion, N ni ya Natal katika Afrika Kusini, na EA huashiria Afrika Mashariki. Katika majina kama B 52-313 tarakimu za kwanza hurejea mwaka ambao mfululizo wa miche hiyo uliandikishwa.

NCo 376 imetajwa kwanza kwa sababu. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa aina zilizoenea zaidi katika mashamba ya Tanzania, na katika Afrika Kusini ilipata kutawala sehemu kubwa ya mashamba yote. Jina lake lina herufi za mahali pawili kwa kuwa wazazi wake, Co 421 na Co 312, walipandishwa Coimbatore, na mbegu ndogo mithili ya vumbi la manyoya zikapelekwa Mount Edgecombe, Natal. Huko majira ya baridi huudhoofisha uchavushaji wa miwa, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuleta mbegu kutoka India kuliko kuzizalisha. Miche ilioteshwa, ikachujwa mwaka hadi mwaka, na NCo 376 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1955. Ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja, NCo 310, alikuwa ametangulia mwaka 1945.

Aina hii ilipendwa kwa kuwa huchipua mashina mengi na hustahimili kukatwa mara nyingi. Ila hushikwa na ugonjwa wa fugwe, ule unaoonekana kama mjeledi mweusi uliotokeza kwenye kilele cha muwa, ukipukutisha unga wa vijidudu vya ukungu. Ugonjwa huu hupata nguvu penye joto na ukame. Kutafuta aina za kusaidiana na NCo 376, au kushika nafasi yake, ni mojawapo ya kazi za kituo cha utafiti cha Kibaha, ambacho leo kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Aina huletwa kutoka nje, huwekwa karantini, kisha hujaribiwa katika maeneo ya viwanda. Hapo ndipo suala la nyakati linapojitokeza.

UMRI NA MSIMU HUCHANGANYWA

Tuseme mtafiti amepanda aina kadhaa zote pamoja mwezi wa Oktoba, akazipima zikiwa na miezi 10, 12, 14 na 16. Akiona kwamba kiwango cha sukari kimepanda kutoka mwezi wa 10 hadi wa 12, kisha kikashuka mwezi wa 14, atasema kwamba aina hizo hukomaa kwa miezi 12. Je, amesema kweli? Mwezi wa 10 tangu kupandwa ulikuwa Agosti, wa 12 ulikuwa Oktoba, wa 14 ulikuwa Desemba. Hakuna njia ya kujua kama sukari imeshuka kwa sababu muwa umepita umri wake au kwa sababu mvua zimenyesha. Umri na msimu vimesafiri pamoja kama abiria wawili katika gari moja, na mtazamaji hajui ni yupi aliyelipa nauli.

Ili kuwatenganisha abiria hao, hapana budi kupanda zaidi ya mara moja. Miwa iliyopandwa Oktoba na kukatwa baada ya miezi 12 hukatwa Oktoba, katika ukavu. Iliyopandwa Februari na kukatwa kwa umri huo huo wa miezi 12 hukatwa Februari, katika joto na unyevu. Umri ni mmoja, msimu ni tofauti. Kwa upande mwingine, iliyopandwa Juni ikakatwa na miezi 16 hukatwa Oktoba vilevile, sawa na ile ya kwanza. Hapo msimu ni mmoja, umri ndio tofauti. Ni pale tu mtafiti anapokuwa na mistari yote hiyo mbele yake ndipo anapoweza kusema ni kiasi gani cha sukari kilicholetwa na umri, kiasi gani na msimu, na jambo lililo muhimu kuliko yote mawili, ni aina ipi inayojali umri na ipi inayojali msimu.

Mwezi wa kupanda una athari nyingine pia. Vipando vilivyotiwa ardhini katika baridi ya Juni na Julai huchelewa kuota, hata kama maji ya kumwagilia yapo. Vilivyopandwa mwanzoni mwa vuli huota upesi, na masika yanapofika muwa huwa na mizizi ya kutosha kuyafaidi. Vilivyopandwa katikati ya masika huweza kuoza katika udongo uliojaa maji, ama kupambana na magugu ambayo mkulima hawezi kuyapalilia kwa wakati. Aina zenye macho yanayochipua kwa nguvu huvumilia kupandwa katika mwezi mbaya. Aina dhaifu huacha mapengo katika mistari, na pengo la mwaka wa kwanza hubaki kuwa pengo kwa miaka yote ya shamba hilo.

HESABU YA MFANO

Ichukuliwe mifano miwili ya kubuni, aina ya kwanza ikiwa ya kukomaa mapema na ya pili ikiwa ya kuchelewa. Zikikatwa na miezi 12, ya kwanza imetoa tani 80 za miwa kwa hekta zenye sukari asilimia 11, yaani tani 8.8 za sukari. Ya pili imetoa tani 95 zenye asilimia 9, yaani tani 8.55. Mizani inaisifu ya pili, sukari inaisifu ya kwanza, na tofauti ya sukari yenyewe ni ndogo.

Zikiachwa hadi miezi 16, ya kwanza imefika tani 92 lakini asilimia imeshuka kuwa 10.5, hivyo sukari ni tani 9.66. Ya pili imefika tani 120 zenye asilimia 11.5, sawa na tani 13.8. Sasa ya pili imeiacha mwenzake mbali sana. Lakini miezi minne zaidi ya ardhi si kitu cha bure. Tukigawanya sukari kwa miezi, aina ya kwanza ilikuwa ikitoa tani 0.73 kwa kila hekta kwa kila mwezi ilipokatwa na miezi 12, na 0.60 tu ilipokatwa na miezi 16. Ya pili ilitoa 0.71 katika miezi 12 na 0.86 katika miezi 16. Kwa hiyo kuichelewesha ya kwanza ni hasara, na kuiharakisha ya pili ni hasara vilevile.

Gharama ya uchukuzi nayo haifai kusahauliwa. Kwa miwa yenye asilimia 9, lori hubeba tani 11 na zaidi ili ipatikane tani moja ya sukari. Kwa asilimia 11.5 hubeba tani 8.7 tu. Zilizobaki ni maji na makapi yaliyosafirishwa kwa mafuta ya gari na kukatwa kwa jasho la mtu.

JINSI SUKE LINAVYOBADILI MAMBO

Kuna kiumbe kimoja ndani ya shamba la miwa ambacho huvuruga hesabu zote hizo, nacho ni suke. Muwa ni nyasi, na kama nyasi nyingine huchanua. Chanzo cha kuchanua ni urefu wa mchana: muwa hupata ishara siku zinapopungua na kukaribia saa kumi na mbili na nusu za mwanga. Kusini mwa Ikweta ishara hiyo huja kati ya Februari na Machi, na masuke meupe huonekana miezi michache baadaye, hata shamba zima likafanana na bahari yenye povu.

Mandhari hiyo ni nzuri kwa mpiga picha. Kwa mkulima maana yake ni kwamba kilele cha shina kimegeuka suke na urefu umekwisha. Hakuna pingili mpya itakayoongezeka. Kwa wiki kadhaa za kwanza hali si mbaya, kwani sukari iliyokuwa ikienda kwenye ukuaji hujazana katika shina, na muwa uliochanua huweza kuwa mtamu kuliko jirani yake. Baadaye macho ya pembeni huanza kuchipua, sehemu ya juu ya shina hukauka na kuwa na uwazi ndani kama sifongo, na uzito hupungua. Aina inayochanua sana basi yafaa ikatwe mapema katika msimu, au isipandwe kabisa pale ambapo zamu ya kukata huchelewa.

Hapa mwezi wa kupanda una siri yake. Muwa mchanga hauisikii ishara ya mchana mfupi. Ni lazima kwanza uwe na pingili za kutosha. Muwa uliopandwa mwishoni mwa mwaka huwa bado mtoto Februari inapofika, hivyo hupita salama bila kuchanua mpaka mwaka unaofuata. Ule uliopandwa katikati ya mwaka uliotangulia huikuta ishara ukiwa umekomaa. Aina ile ile, katika kijiji kile kile, huchanua katika shamba moja na isichanue katika shamba la pili, na wenye mashamba hubaki kubishana kwamba wamepewa mbegu tofauti.

JARIBIO LINAVYOPANGWA

Misingi ya kupanga majaribio ya shambani iliwekwa na R. A. Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya jambo hilo mwaka 1935. Alisisitiza mambo mawili yaliyo rahisi kuyataja na magumu kuyatimiza: kurudia, na kugawa kwa bahati nasibu. Kila aina ipandwe katika vipande kadhaa, si kimoja, ili tofauti za udongo zisidhaniwe kuwa tofauti za mbegu. Na nafasi ya kila kipande iamuliwe kwa kura, ili pasiwe na aina itakayopendelewa kwa kuwekwa penye rutuba.

Jaribio la aina nne, nyakati tatu za kupanda na umri wa aina nne wa kukata, likirudiwa mara nne, huhitaji vipande 192. Kila kipande kikiwa na mistari sita yenye urefu wa mita 10, kwa nafasi ya mita 1.5 kati ya mistari, jumla ni karibu hekta 1.7 kabla ya kuhesabu njia. Kipande hakiwezi kukatwa nusu leo na nusu baada ya miezi miwili, kwa sababu miwa iliyobaki itapata mwanga na upepo isiouzoea na itakua kwa namna nyingine. Hata mistari ya pembeni haipimwi. Mistari ya katikati pekee ndiyo inayokatwa kwa ajili ya mizani, kwani ya pembeni hufaidi nafasi ya njia na kuonekana minene kuliko haki yake.

Vipando lazima viwe vimetoka katika kitalu safi. Upo ugonjwa wa udumavu wa machipukizi, uletwao na bakteria na kuenezwa na panga la mkataji, ambao hauonyeshi dalili ya wazi kwa nje. Kinga yake ya siku nyingi ni kuvitia vipando katika maji ya moto ya nyuzi 50 za sentigredi kwa saa mbili. Mtafiti akilinganisha aina moja iliyotibiwa na nyingine isiyotibiwa, matokeo yake yatakuwa habari ya ugonjwa, wala si habari ya aina za miwa.

Mavuno yanapopimwa, maji ya miwa hukamuliwa kutoka sampuli ya mashina. Kwanza hupimwa digrii za Brix, yaani uzito wa vyote vilivyoyeyuka ndani yake kwa mia. Kisha hutumika polarimita, chombo kinachotazama jinsi mwanga unavyopindishwa na sukrosi, ili kujua sukari halisi. Maji yenye Brix 18 na sukrosi 15.3 yana usafi wa asilimia 85, na hicho huwa kiwango kizuri cha muwa uliokomaa. Brix peke yake hudanganya, maana muwa mchanga huweza kuwa na Brix ya kuridhisha ilhali sehemu kubwa yake ni glukosi na chumvi ambazo mashine haziwezi kuzigeuza kuwa sukari ya mezani.

Hata hivyo kuna njia nyepesi inayoweza kutumika shambani bila maabara. Kwa kutumia kipimo kidogo cha mkononi, tone la maji huchukuliwa kutoka pingili ya chini na jingine kutoka pingili ya juu. Ikiwa chini ni 20 na juu ni 12, muwa bado ni mchanga. Ikiwa chini ni 20 na juu ni 19, umekaribia kilele chake. Juu ikipita chini, muwa umeanza kurudi nyuma. Kipimo hicho kwa bei yake kiko ndani ya uwezo wa chama cha wakulima, na kufanya kazi hiyo mara mbili kwa mwezi kabla ya zamu ya kukata kungetoa majibu ya maswali ambayo kwa sasa huulizwa kwa hasira baada ya malipo.

MATOKEO HAYAHAMI

Kiwanda cha TPC kule Arusha Chini, kusini mwa Moshi, kinategemea maji ya kumwagilia. Huko mwenye shamba anaweza kupanda karibu mwezi wowote, na anapotaka muwa ukomae huyafunga maji wiki kadhaa kabla ya kuukata. Ukame anautengeneza mwenyewe. Mkulima mdogo wa Kilombero hana bomba la kufunga. Ukame wake ni ule uliotolewa na mbingu. Kagera nako, karibu na Ikweta na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hugawanyika kwa namna nyingine na tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni ndogo zaidi. Aina iliyoshinda Arusha Chini ikipelekwa Kilombero au Kagera kwa sifa tu, bila jaribio jipya la nyakati, ni bahati nasibu.

Nchini Kenya, katika mashamba ya magharibi yaliyo kwenye mwinuko na ubaridi, Co 421, mzazi yule yule wa NCo 376, ilizoeleka kungojewa hadi miezi 18 na hata 24. Watafiti wa Kibos, karibu na Kisumu, wamekuwa wakitoa aina mpya zinazokomaa miezi kadhaa mapema zaidi, nyingi zikitokana na maua yaliyopandishwa Mtwapa, pwani, ambako miwa huchanua vizuri. Lakini aina ya mapema haiwezi kuponya uhaba uliokwisha kuingia. Mwezi wa Julai mwaka 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha usagaji katika viwanda vya magharibi kwa muda wa miezi kadhaa, kwa kuwa miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha na viwanda vilikuwa vikigombea miwa michanga. Muwa mchanga ukikatwa humpotezea mkulima tani, humpotezea kiwanda sukari, na huiondoa mapema miwa ambayo ingesagwa mwaka unaofuata.

Tanzania ilipata somo la upande wa pili mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua nyingi za El Niño ziliyafanya mashamba yasipitike na kuusimamisha uvunaji, sukari ikaadimika madukani, bei ikapanda, na serikali ikaruhusu sukari ya kuagizwa kutoka nje. Miwa iliyokwama shambani wakati huo ilikuwa ya aina zote, lakini haikuathirika sawasawa: iliyo na tabia ya kukaa kileleni kwa muda mrefu huokoa sehemu kubwa ya akiba yake, na iliyo ya kukomaa mapema huipoteza upesi.

Kutokana na hayo yote, ratiba ya kusaga yapasa kuwa ndiyo inayochagua mbegu. Mashamba yatakayokatwa Juni na Julai yapewe aina za mapema, zikiwemo zile zinazochanua. Ya Agosti hadi Oktoba yaweza kupokea karibu aina yoyote nzuri, kwa sababu msimu wenyewe unasaidia. Na yale ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni ya wakulima walio mbali na barabara, ndiyo yanayostahili aina zisizochanua na zisizoshuka upesi. Mara nyingi mambo hufanyika kinyume. Mkulima wa mbali huchukua vipando kwa jirani yeyote aliyekata wiki hiyo, na mbegu bora huishia katika mashamba yaliyo karibu na lango la kiwanda, ambayo yangekatwa kwa wakati hata yasingekuwa nayo. Na hata aina nzuri iliyokatwa siku yake hupungua ikilala kandokando ya barabara, hasa ikiwa imechomwa moto: kwa siku mbili au tatu tu bakteria huwa wamekwisha kuanza kuila sukari kupitia nyufa na ncha zilizokatwa.

MACHIPUKIZI

Mkulima huchagua mwezi wa kupanda mara moja tu. Baada ya mavuno ya kwanza kisiki huchipua chenyewe, na mazao yanayofuata, miaka mitatu, minne au zaidi, hutoka katika mizizi ile ile. Tangu hapo siku ya kukata ndiyo inakuwa siku ya "kupandwa" kwa zao linalofuata. Shamba lililokatwa Juni huanza zao lake la pili katika baridi na ukavu, likachipua polepole, lakini huwa na mwaka mzima mbele yake kabla ya zamu ya Juni inayofuata. Lililokatwa Desemba huchipua kwa kishindo katika mvua. Likirudishwa kwenye zamu ya Julai litakuwa na miezi saba tu, na likiachwa hadi Desemba nyingine litaikuta tena mvua. Aina inayofanya vizuri katika mpando wa kwanza huweza kushindwa kabisa katika mabadiliko haya, hasa kama magurudumu ya malori yamevikanyaga visiki katika udongo wenye maji. Ndiyo sababu jaribio la aina za miwa halifungwi baada ya mavuno ya kwanza. Vipande vile vile 192 hukatwa na kupimwa tena katika machipukizi ya kwanza na ya pili, na ni katika mwaka wa tatu au wa nne, mashina yanapohesabiwa katika kila mstari, ndipo sifa ya aina kama NCo 376 ilipojengeka: kisiki chake kilikuwa bado kikitoa mashina mengi.